Finn Aagaard, mwandishi wa bunduki aliyetoka kwetu

(Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya waandishi, waongoza watalii na askari wanyamapori wastaafu)

Wazee wangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya marehemu ambaye wengi humu ndani hamjawahi kulisikia jina lake. Ni Mkenya aliyesomwa sana Marekani na asiyesomwa kabisa Kenya. Finn Aagaard alizaliwa mwaka 1932, wazazi wake wakiwa Wanorwei. Hapa ndipo alipokulia, hapa ndipo alipojifunza kuwinda, na hapa ndipo alipopata leseni ya mwindaji bingwa akawa anaongoza wageni porini. Kenya ilipofunga uwindaji mwaka 1977 alifungasha akahamia Texas na familia yake, na huko, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, akaanza kula kwa kalamu. Alifariki mwaka 2000. Katika miaka hiyo ishirini na ushei aliandika juu ya bunduki, risasi na mawindo katika majarida makubwa ya Marekani, hasa American Rifleman, na mimi nasema, mnaweza kunibishia wakati wa chai, kwamba katika kizazi chake hakukuwa na mwandishi wa bunduki aliyeaminika kumzidi.

Naona nyuso. Mwandishi wa bunduki? Tumeitwa hapa Jumamosi kumsifu mtu wa bunduki?

Swali ni la haki na sitalipitisha mlango wa nyuma. Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Vijana wa walowezi, wa rika la Aagaard, waliandikishwa kwa lazima katika Kenya Regiment wakapewa silaha. Upande wa pili wa barabara, Mwafrika aliyekutwa na bunduki au hata risasi tu mfukoni alikuwa na kesi ya kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lililompeleka kitanzini halikuwa la kuua mtu, lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi zake. Misituni, wapiganaji waliokosa silaha walikuwa wakiunda bunduki kwa vipande vya bomba la maji, komeo za milango na mipira ya kuvutia. Wengine zilipasukia mikononi mwao.

Sasa wekeni hayo kando ya hili: miaka ileile, mvulana wa Kizungu katika shamba lolote la nyanda za juu alipewa bunduki ndogo ya kaliba ya .22, yaani kipimo cha upana wa risasi na mtutu, kama mvulana mwingine anavyopewa kalamu. Kujua bunduki kulikuwa elimu ya nyumbani kwa wachache na kifo kwa wengine, katika nchi moja, kwa wakati mmoja. Kila kilichoandikwa baadaye juu ya mawindo ya Afrika Mashariki kimesimama juu ya msingi huo. Mwandishi anayeanza hadithi hiyo kwa moto wa kambini na simba anayenguruma mbali, huyo ameanzia katikati ya kitabu. Nimelisema. Sasa nipeni ruhusa nimsifu marehemu, kwa sababu sifa anazo.

Ili mumwelewe lazima kwanza niwapeleke Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mamilioni ya vijana wametoka jeshini, wanajua kulenga, wana vipato vya kiwandani na Jumamosi za kupumzika. Ulaya maghala yamejaa bunduki za vita ambazo hakuna anayezihitaji: Mauser za Ujerumani, Enfield za Uingereza, Carcano za Italia. Wafanyabiashara wakazinunua kwa shehena na kuziuza kwa bei ya viatu. Mtu alijaza kuponi iliyokatwa kwenye jarida, akatia hundi kwenye bahasha, na bunduki ikamfikia kwa posta. Kisha akataka kujua: nikate kitako chake vipi? Nifunge darubini gani? Risasi gani inamfaa kulungu? Hapo ndipo jarida la bunduki lilipopata ulaji wake.

Yalichipuka kwa mfuatano. American Rifleman, la NRA, chama cha wenye bunduki Marekani, lilikuwapo tangu zamani na lilikwenda kwa wanachama, halikutegemea kibanda cha magazeti. Gun Digest, kitabu kinene cha kila mwaka, lilianza Chicago mwaka 1944. Guns likaja mwaka 1955. Mwaka 1958 Robert Petersen, kijana aliyekwisha kutajirika kwa jarida la magari ya kasi, akatoa Guns & Ammo kule California. Shooting Times mwaka 1960. Mwaka 1966 likaja Handloader, jarida zima kwa ajili ya watu wanaojaza risasi zao wenyewe, na mwaka 1969 ndugu yake, Rifle. Fikirini hilo la Handloader: kulikuwa na wasomaji wa kutosha kulipa kwa mazungumzo ya uzito wa baruti, shingo ya ganda na kina cha kupachika risasi. Huyo si msomaji wa kupitisha muda kwenye basi. Huyo anasoma akiwa na mizani mezani.

Na yalikuwa na nyota. Mkubwa kwa kalamu alikuwa Jack O'Connor, aliyezaliwa Arizona mwaka 1902, aliyefundisha uandishi wa habari katika chuo kikuu cha huko kabla ya kuwa mhariri wa bunduki wa Outdoor Life. Aliandika vizuri kuliko ilivyomlazimu. Alikuwa mtetezi wa .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925: risasi nyepesi, ya kasi, ipigwe mahali pake, basi. Mpinzani wake alikuwa Elmer Keith, mfugaji mwenye kofia pana, mtu ambaye sarufi kwake ilikuwa jambo la wahariri. Keith aliamini risasi nzito na tundu kubwa, na ni yeye aliyezisumbua kampuni kwa miaka hadi katikati ya miaka ya 1950 bastola ya .44 Magnum ikatoka. Wote wawili waliishi jimbo moja la Idaho, mmoja Lewiston na mwingine Salmon, na ugomvi wao uliwagawa wasomaji kama mashabiki wa soka wa Gor na AFC. Mtu alikuwa wa O'Connor au alikuwa wa Keith. Watoto walirithi upande wa baba.

Enzi hiyo ilikuwa na doa lake, na doa lenyewe limechapishwa. Februari 1963 American Rifleman lilibeba tangazo la duka moja la Chicago lililouza Carcano yenye darubini kwa dola 19.95. Mwezi uliofuata mteja mmoja wa Dallas aliijaza kuponi kwa jina la uongo. Jina lake la kweli lilikuwa Lee Harvey Oswald, na kwa bunduki hiyo aliuawa Rais Kennedy. Mwaka 1968 sheria ya shirikisho ilikataza biashara hiyo ya kuagiza bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo. Majarida hayakufa kwa hilo. Yalipoteza kurasa za matangazo ya kuponi na yakategemea zaidi kampuni kubwa zinazotengeneza bunduki mpya. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa Afrika Mashariki inaingia wapi? Inaingia kama mahakama ya rufaa. Ukiwa Idaho unaweza kubishana mwaka mzima kama risasi fulani inatosha. Kwa nyati wa Narok ubishi huisha haraka. Ndiyo maana kila jina kubwa lilitafuta tiketi ya kuja huku. O'Connor alikuja Kenya na Tanganyika mwaka 1953. Keith aliwinda Tanganyika baadaye katika muongo huohuo. Kabla yao wote, Mskoti W. D. M. Bell alikuwa ameua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao Karamoja, Uganda, na maeneo jirani, kwa kutumia sana bunduki ndogo ya milimita 7, na uzeeni akaliandikia American Rifleman jinsi alivyofanya. Wamarekani walisoma idadi hiyo kama ushahidi wa ulengaji mzuri. Ukiisoma ukiwa Moroto, mji wa Karamoja, leo, utaisoma vingine.

Nguvu ya mwandishi juu ya soko la bunduki inaonekana vizuri katika kisa kimoja cha hapa kwetu. Mwaka 1949 bunduki ya mitutu miwili ya mwindaji bingwa Harry Selby ilikanyagwa na gari. Alihitaji nyingine upesi, akachukua iliyopatikana Nairobi, bunduki ya kukoki kwa mkono ya kaliba ya .416 Rigby, aina ambayo watu wachache sana walikuwa nayo. Mwaka 1951 akamwongoza mwandishi wa Kimarekani, Robert Ruark, huko Tanganyika. Ruark akarudi kwao akaandika. Kutoka hapo .416 ikawa ndoto ya wanaume ambao hawajawahi kuvuka Atlantiki. Yote kwa sababu dereva mmoja hakutazama nyuma.

Kisa cha pili ni cha uchungu zaidi, na ndicho kinachonirudisha kwa Aagaard. Mwaka 1956 Winchester walitoa kaliba ya .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, na kampuni ilitangaza kwamba risasi yake ya greni 500 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi) inatoka kwa kasi ya futi 2,130 kwa sekunde. Majarida yaliinukuu namba hiyo kama aya ya msahafu. Lakini ganda lake lilikuwa fupi, limefupishwa makusudi liingie kwenye bunduki za kawaida, kwa hiyo baruti ilishindiliwa ndani. Risasi zilizokaa muda mrefu, tena katika joto la gari porini, baruti yake iliweza kugandamana na kuungua vibaya. Wawindaji wa huku walianza kusema kuna kitu hakiko sawa. Nyati waliopigwa vizuri walikuwa wakiendelea kutembea. Watu walipokuja kupima wenyewe, wengi walikuta kasi iko chini ya futi 2,000. Mwandishi Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alikwenda kuunda kaliba yake mwenyewe yenye ganda refu zaidi.

Kati ya namba ya kampuni na nyati aliyeendelea kutembea kulikuwa na mtu, mara nyingi watu wawili au watatu, waliokuwa mbele kwenye kichaka. Aagaard alikuwa mmoja wa watu hao. Kazi ya mwindaji bingwa haikuwa kumpigia mteja picha. Mteja akimjeruhi nyati, mteja hubaki kwenye gari anatetemeka, na mwindaji bingwa pamoja na wafuata nyayo wake huingia majanini kummaliza. Anayelipia tofauti kati ya futi 2,130 na futi 1,950 ni yeye. Mtu aliyetoka katika kazi hiyo akawa mwandishi hawezi kuinukuu karatasi ya kampuni kwa moyo mwepesi.

Bunduki yenyewe iliyomtambulisha ilikuwa ya kawaida: Winchester Model 70 ya kaliba ya .375 H&H, kaliba iliyotolewa London mwaka 1912. Sheria za uwindaji za Kenya ziliiweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari, kwa hiyo hapa ilikuwa kama jembe, kila mtu anayo. Aagaard hakuona haja ya zaidi. Ushauri wake kwa Wamarekani waliotaka kununua mizinga kwa ajili ya Afrika ulikuwa kwamba wanunue wanachoweza kukipiga bila kufumba macho. Yeye mwenyewe aliwajua wateja waliofumba macho.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji. Tanzania ilikuwa imefunga tangu 1973, nayo ikafungua tena mwaka 1978. Sisi hatujafungua hadi leo. Chama cha wawindaji bingwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Norfolk Hotel mwaka 1934, kilivunjwa. Wawindaji wengi walilalamika kwamba wakiondoka wao porini, majangili wataingia. Majangili waliingia kweli, na Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi. Ila tuseme ukweli wote: majangili hawakusubiri 1977. Walikuwepo, na baadhi walikuwa na marafiki wakubwa maofisini. Wazee mliokuwa kwenye sare wakati ule mnajua majina. Leo si siku yake.

Aagaard akajikuta Texas, nchi ya vilima na miti ya mialoni, akiongoza wawindaji wa kulungu badala ya nyati. Na kutoka hapo makala zikaanza kutoka. Mimi nilizikuta miaka mingi baadaye kwa wauza vitabu wa inama, wanaotandaza chini pale mjini, majarida ya mtumba yaliyotupwa pamoja na vitabu vya kemia. Sikuwa na bunduki, wala sina. Nilikuwa mhariri msaidizi, na kilichonishika kilikuwa ujenzi wa makala. Jarida lilelile, ukurasa wa ishirini mwandishi anasema bunduki hii mpya inapiga kama radi. Ukurasa wa hamsini Aagaard anakwambia amepiga mara ngapi, kwa umbali gani, na risasi ya ngapi ilikwenda kombo. Halafu anakwambia pengine kosa lilikuwa lake.

Nitachukua mfano mmoja tu, lakini nitaukalia, kwa sababu ndio uliofanya nikubali kusimama hapa.

Kulikuwa na imani kongwe Marekani kwamba zipo kaliba za kichakani. Ukimwona kulungu nyuma ya vijiti, risasi nzito, ya mwendo wa polepole na pua butu, itavunja vijiti na kuendelea moja kwa moja. Risasi nyepesi ya kasi itapotoka. Imani hiyo ilikuwa na wazee wa kuishuhudia katika kila kijiji, na ilikuwa na bidhaa: kampuni ziliuza bunduki fupi kwa jina hilohilo la bunduki za kichakani. Kila mwandishi aliirudia. Aagaard alifanya kitu rahisi ambacho kwa miaka watu wengi walikuwa hawajajisumbua kukifanya. Aliweka shabaha yenye ukubwa wa kulungu, akaweka vichaka vya kweli mbele yake, akapiga kupitia vichaka hivyo kwa kaliba moja baada ya nyingine, ndogo na kubwa, nyepesi na nzito. Kisha akahamisha kichaka, karibu na shabaha, mbali na shabaha, akapiga tena.

Hakuna kaliba iliyopita salama. Nzito zilipotoka, nyepesi zilipotoka. Kilichotofautisha matokeo zaidi kilikuwa umbali kati ya kijiti na mnyama. Kijiti kikiwa karibu na mnyama, risasi yoyote nzuri bado inampata mahali panapofaa, kwa kuwa haijapata nafasi ya kuyumba. Kijiti kikiwa mbali mbele yake, risasi ikishagusa huanza kupepesuka na kwenda upande, na kila hatua inaongeza kosa. Ukitaka kufyatua kupitia kichaka, usifyatue. Subiri, au sogea upate upenyo.

Tazameni alichofanya hapo. Kwanza, aliudhi watengenezaji. Pili, aliudhi wasomaji, maana aliwaambia hadithi ya babu yao si kweli. Tatu, alichapisha jibu lisilo na mshindi. Mhariri yeyote humu atakwambia jibu lisilo na mshindi halipambi jalada. Jalada linataka "kaliba kumi bora za kichakani". American Rifleman walimchapisha, na hilo lazima tuwape sifa wahariri wake: jarida lenye wanachama linaweza kujiruhusu kitu ambacho jarida la kibanda cha magazeti linakiogopa.

Alikuwa na bahati ya wakati pia. Zamani namba ya kasi ya risasi ilijulikana na viwanda na jeshi tu, kwa kuwa mashine ya kupimia ilijaza chumba. Kufikia miaka ya 1970, kampuni ya Oehler, ya palepale Texas, ilikuwa ikiuza kronografu ambayo mtu binafsi anaweza kuimudu: viwambo viwili vimetengana futi kadhaa, kivuli cha risasi kinapita cha kwanza kisha cha pili, saa ya umeme inahesabu. Ghafla mwandishi aliyetaka aliweza kuwakagua watengenezaji akiwa shambani kwake. Nasisitiza aliyetaka. Mashine ilikuwa sokoni kwa wote na bado wengi waliendelea kunakili karatasi ya kiwanda. Aagaard na wenzake wachache walipima. Walipiga risasi kwenye mafungu ya karatasi zilizoloweshwa, wakaichimbua, wakaiweka kwenye mizani, wakaandika imebaki na uzito gani na imepanuka kiasi gani. Kazi ya matope na mikono michafu. Jeff Cooper, kanali wa Arizona ambaye aliandika kama nabii na alipenda ubishi kama chakula, alipotaka watu wa kumsaidia kufikiria bunduki yake nyepesi ya matumizi yote katika miaka ya 1980, Aagaard alikuwa miongoni mwa walioketi naye. Watu wenye kelele humhitaji mtu mmoja kimya mezani.

Nilisema nitarudi kwenye matangazo. Mfumo wenyewe mnaujua, haukuhusu bunduki peke yake. Kampuni inampa mwandishi bunduki ya kujaribu. Mwandishi anasifu. Kampuni hiyohiyo inanunua jalada la nyuma. Mwandishi ananunua bunduki ile kwa bei ya chini, au inasahaulika kurudishwa. Hakuna aliyehongwa, kila mtu ni rafiki. Nimefanya kazi katika majarida ya magari na simu na nimeona ukarimu huohuo ukitembea kwa suti nyingine.

Lakini msidhani anayembana mwandishi ni mtoa tangazo tu. Mwaka 2007 Jim Zumbo, mwandishi mkongwe wa mawindo wa Outdoor Life, aliandika mtandaoni kwamba bunduki za mtindo wa kijeshi hazifai mawindoni, na akazipa jina la magaidi. Ndani ya siku chache wadhamini walimkana na jarida likaachana naye. Mwaka 2013 Dick Metcalf wa Guns & Ammo aliandika safu akisema haki ya kumiliki silaha ina mipaka ya kisheria kama haki nyingine. Naye akaondolewa, na mhariri wake akaomba radhi na kung'atuka mapema. Katika visa vyote viwili moto uliwashwa na wasomaji, kampuni zikafuata moshi. O'Connor na Keith walitukanana miaka thelathini juu ya uzito wa risasi na hakuna aliyefukuzwa. Kizazi kilichofuata kiliruhusiwa kubishana juu ya kaliba na si juu ya kitu kingine chochote. Kwangu mimi enzi ya dhahabu iliishia hapo, kabla ya video na simu kuja kuichukua mezani. Intaneti ilipofika ilikuta nyumba ambayo wenyewe wameshaanza kuondoka.

Nina lawama moja kwa marehemu, na siyo yake peke yake. Shika jarida lolote la enzi hiyo lenye picha kutoka Kenya. Mgeni yuko katikati, jina lake lipo. Bunduki ina jina, kaliba, na aina ya darubini. Mnyama amepimwa pembe kwa inchi na robo inchi. Pembeni wamesimama wanaume wawili, na maelezo chini ya picha yanasema "wafuata nyayo". Labda mmoja ana jina moja, kama mtoto wa shule ya chekechea.

Ni akina nani hao? Wengi ni Wakamba. Wengine ni Waliangulu, Wawata kama wanavyojiita wenyewe, watu wa pinde ndefu na mishale ya sumu kutoka nchi ya Galana na Tsavo. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kali dhidi yao, ikawafunga kwa ujangili, kwa kazi ambayo babu zao waliifanya kabla Tsavo haijawa mbuga. Walipotoka gerezani baadhi yao waliajiriwa kufuata nyayo, wengine katika mradi wa Galana ulioanza mwaka 1960 ukikusudiwa kuwapa Waliangulu njia halali ya kuishi na ndovu. Hebu fikirini: mtu anafungwa kwa kuwinda, kisha analipwa kumwonyesha mgeni mnyama yuleyule, na mgeni anarudi kwao kuandikwa kwamba amewinda.

Na ujuzi wao ndio uliokuwa ndani ya makala. Aagaard alipoandika kwamba nyati aliyejeruhiwa apewe muda kabla ya kufuatwa, kwamba damu yenye mapovu ni ya mapafu na damu nyeusi ni habari mbaya, kwamba upepo utazamwe kabla ya kila kitu, hayo hakuyapata kwenye kronografu. Aliwaheshimu wanaume hao, inaonekana katika sentensi zake. Alikiri waziwazi kwamba wao ndio walioona, yeye alifyatua tu. Waandishi wengi wa wakati wake hawakufika hata hapo. Ila mtu aliyepima uzito wa risasi hadi greni ya mwisho angeweza kuandika jina la pili la mtu.

Hilo bado linawezekana kurekebishwa, na ndilo ombi langu. Wafuata nyayo wa miaka ya 1960 na 1970, walio hai, sasa ni wazee sana. Watoto wao wengine wako humu. Majumbani mwenu kuna barua za wateja kutoka Texas na Ohio, kuna picha zilizotumwa kwa posta zikiwa na maandishi nyuma, kuna vile vitambulisho vya kazi vya zamani, na kuna wazee wanaojua nani alikuwa nani katika picha. Mimi ninayo majarida, makasha matano, na nimeyaleta. Yako kwenye meza ile karibu na dirisha, nimetia vikaratasi kwenye kila ukurasa wenye picha ya Kenya na Tanzania. Baada ya chai tupite pamoja. Ukimtambua mtu, andika jina lake lote, la baba yake na kijiji chake kwenye kikaratasi. Kalamu zipo, na yule kijana mwenye shati la bluu ataandika kwa niaba ya yeyote ambaye macho yamechoka. Nimeshazungumza na mhariri mmoja yuko tayari kuchapisha orodha tutakayopata.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nadhani chai iko tayari.